Kutoka Nihonbashi hadi Sanjo: mvua, uduvi na picha za mbao

Jumatatu, Nihonbashi

Makumbusho mengi ya Japani hufungwa Jumatatu, kwa hiyo safari yetu ya kufuata picha za mchoraji Utagawa Hiroshige, zilizochapwa kwa mbao, ilianzia barabarani, Tokyo. Mpwa wangu anasoma Chiba. Alinisubiri kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, akaniamkia, akapokea begi, kisha akaniambia, "Mjomba, usitazame juu kwanza." Haikuwezekana. Juu ya daraja la Nihonbashi limelala daraja jingine, barabara ya magari ya kasi iliyojengwa mwaka 1963 kwa pupa ya Olimpiki ya mwaka uliofuata. Daraja la mawe chini yake ni la 1911, lina taa nzuri na wanyama wa shaba wenye mabawa, lakini limekosa mbingu. Serikali imeshaamua kuishusha barabara ile chini ya ardhi, na ratiba inasema itakuwa imeondolewa ifikapo 2040.

Daraja la kwanza hapa lilikuwa la mbao, la mwaka 1603. Edo, mji ulioitwa Tokyo kuanzia 1868, ulipimia njia zake zote kutoka hapa. Njia mashuhuri kuliko zote ni Tokaido, iliyofuata pwani hadi Kyoto, karibu kilomita 500, ikiwa na vituo 53 vya kupumzikia wasafiri. Utagawa Hiroshige alivichora vyote mwanzoni mwa miaka ya 1830. Karatasi zikafika 55, maana aliongeza Nihonbashi mwanzoni na Kyoto mwishoni.

Ile ya Nihonbashi nilikuwa nayo kwenye simu, tukaitazama tukiwa tumesimama palepale. Ni alfajiri, anga jekundu chini na buluu juu. Msafara wa bwana mkubwa wa jimbo unapanda mgongo wa daraja na wabeba sanduku mbele. Upande wa kushoto, wachuuzi wa samaki wenye mizega mabegani wanapisha haraka, na kulia kuna mbwa wawili wanaohangaika na mambo yao. Soko la samaki lilikuwa hapahapa kando ya daraja, mpaka tetemeko la 1923 lilipolivunja na likahamia Tsukiji, kisha Toyosu mwaka 2018. Mimi nawapenda wale wachuuzi kuliko msafara. Mchoraji angeweza kumtukuza bwana mkubwa, lakini aliyemweka mbele, karibu na macho yetu, ni mtu mwenye samaki wa kuuza kabla jua halijapanda.

Jumanne, Harajuku

Makumbusho ya Ota yamejificha nyuma ya maduka ya nguo ya vijana. Mtaa una kelele za kila aina, unakata kona moja, na mara uko kwenye chumba chenye giza kidogo ambako watu wanasogeza pua hadi kwenye kioo. Nyumba hii ina zaidi ya karatasi 12,000 za ukiyo-e, yaani picha za aina hii za zama za Edo, na huzitoa kwa zamu, kwa sababu mwanga huzila rangi. Buluu iliyokamuliwa kwenye maua ndiyo dhaifu kuliko zote, huishia kuwa kijivu au manjano. Picha nyingi za kale tunazozisifu kwa upole wa rangi zake, zilipotoka dukani zilikuwa zinawaka.

Siku hiyo walikuwa wametundika baadhi ya karatasi za mfululizo wa mandhari mia moja za Edo, kazi ya mwisho ya Hiroshige, ya kuanzia 1856 hadi kifo chake 1858. Nilitumia muda mrefu kwa paka.

Paka ni mweupe, mnene, amekaa kwenye kizingiti cha dirisha na kutupa mgongo. Pembeni yake kuna bakuli la maji na taulo. Chini, upande wa kushoto, pembe ya kiambaza cha kukunja inachungulia, na sakafuni kuna karatasi yenye vibanio vya nywele vilivyotengenezwa mfano wa reki, zawadi ya sikukuu ya Tori. Hatuoni mtu. Lakini dirisha hilo ni la nyumba ya makahaba wa Yoshiwara, na yeyote aliyenunua picha hii mwaka 1857 alijua aliye nyuma ya kiambaza ni nani na anafanya nini. Nje ya nondo za dirisha kuna mashamba ya mpunga ya Asakusa. Mstari mwembamba wa watu wanaokwenda kwenye sikukuu na reki zao za bahati unapita mbali sana, mdogo kama siafu. Juu yao bata bukini wanarudi, na Fuji imekaa kwenye wekundu wa magharibi.

Mji wote umo mle: biashara ya mwili, dini, kilimo, ndege wa majira, na mlima. Paka ndiye pekee anayetazama nje. Mwanamke ana kazi.

Mpwa wangu alisoma bango la Kijapani akanitajia jambo ambalo tangu hapo linanikera kidogo. Mwishoni mwa 1855 tetemeko kubwa lilipiga Edo, nyumba zikaanguka, moto ukafuata. Mfululizo huu ulianza mwaka uliofuata. Tafuta magofu humo, hutayaona. Na Hiroshige hakuwa mgeni wa moto: alizaliwa 1797 katika kambi ya zimamoto ya Yaesu, na mwaka 1809, mwaka aliofiwa na baba na mama, alirithi kazi ya baba yake ya uzimamoto akiwa bado mtoto. Aliujua mji unavyoungua. Kwenye karatasi akawauzia majirani zake mji uliopona, wenye maua yaliyochanua na madaraja yaliyosimama. Sijaamua kama hiyo ni huruma au ni hesabu ya duka. Labda vyote.

Jumatano, karakana ya kuchapa

Tulilipia nafasi ya kutazama fundi akichapa. Chumba ni kidogo, kinanuka karatasi mbichi na gundi ya mchele. Fundi alikaa chini kwa kukunja miguu mbele ya meza iliyoinamia upande wa mbali, na kwa muda mrefu hakusema lolote.

Hapa ndipo niliposhika kwamba jina la mchoraji tunalolitaja, Hokusai au Hiroshige, ni la mtu mmoja kati ya wanne. Mwenye duka alitoa mtaji na kuamua kitakachouzwa. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi kwenye ubao wa mcheri akachonga kuifuata mistari, na mchoro wenyewe ukaishia kwenye vumbi la mbao. Kisha mchapaji. Kila rangi ina ubao wake, au upande wake wa ubao, na karatasi moja hupita juu ya zote bila kuhama hata unywele. Siri iko kwenye vidato viwili vidogo vilivyochongwa pembezoni mwa kila ubao, kimoja cha pembe na kimoja cha mstari, ambavyo wao huviita kento. Karatasi hutua humo, basi.

Karatasi ni ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi, nyuzi zake ndefu na ngumu. Huloweshwa kwanza ili iinywe rangi. Fundi alipaka rangi kwa burashi, akadondosha gundi ya mchele, akaisambaza, akalaza karatasi, kisha akashika baren. Ni kisahani kinachoenea kiganjani, ndani kina kamba iliyosokotwa kwa ganda la mwanzi, na nje kimevikwa ganda la mwanzi. Alisugua kwa uzito wa mwili mzima kutoka begani. Sauti yake ni kama ya mtu anayepasua kitambaa polepole.

Kisha akatuonyesha namna anga linavyotiwa. Ubao wa anga ni bapa tupu, haukuchongwa wingu lolote. Anaulowesha kwa kitambaa, anaweka buluu ukingoni, anaivuta kwa burashi mara moja tu, na rangi inafifia yenyewe kuelekea chini. Kila karatasi anarudia upya, kwa hiyo hakuna karatasi mbili zenye anga moja. Mbingu yote ya Hiroshige, alfajiri zake na magharibi zake, ni mkono wa fundi ambaye jina lake halikuandikwa.

Buluu ile ilitoka ugenini. Iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Japani kwa meli, na ilipokuwa rahisi kuipata karibu na 1830, wenye maduka wakaikimbilia. Hokusai aliitumia kwenye mandhari 36 za Fuji, ambazo zilinunuliwa sana hata zikaongezwa kumi, zikawa 46. Wimbi lake kubwa, ambalo siku hizi liko hadi kwenye vikombe, ni buluu ya Mjerumani. Na bei? Karatasi moja ilikaribia bei ya bakuli la tambi za soba. Mtu wa kazi za mikono aliweza kununua Fuji baada ya kula.

Mpwa wangu alinikumbusha kanga. Za mwanzo pwani kwetu zilichapwa kwa mkono, kwa vibao vya kuchonga, na baada ya vita vya pili viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi kwa ajili ya soko la Mombasa na Dar es Salaam. Nilijaribu kumweleza fundi kwa Kiingereza changu na Kijapani cha mpwa. Akaniuliza kanga ina rangi ngapi. Nikasema mara nyingi mbili, tatu. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema rangi chache ndiyo kazi ngumu.

Alhamisi, mto Sumida

Mvua. Juni ndio mwezi wa masika yao, na tuliingoja kwa hamu, maana bila mvua Shin-Ohashi ni daraja la kawaida tu la magari, la miaka ya 1970, lenye nguzo kubwa na nyaya za kulishikilia.

Kwenye karatasi ya Hiroshige ya daraja hili, ya 1857, wingu jeusi limening'inia ukingo wa juu na mvua inashuka kama nyuzi. Mchongaji alichonga nyuzi hizo kwenye mbao mbili, kila moja na mwelekeo wake, tofauti ndogo sana, na ndiyo maana mvua inasogea ukiitazama. Watu darajani wameinama, wengine chini ya miavuli, mwingine chini ya mkeka. Ng'ambo ya mto imelazwa mshazari, kana kwamba kichwa chako kimepinda kwa kukimbia. Katikati ya maji kuna mtu mmoja juu ya mbao zilizofungwa pamoja, anasukuma upondo. Hana haraka, ameshalowa. Mchoraji wa Uholanzi, Vincent van Gogh, aliinakili karatasi hii kwa rangi za mafuta huko Paris mwaka 1887, akaichora mvua vizuri lakini akaujaza mto rangi nzito. Ile ya karatasi ina maji mepesi zaidi.

Tulisimama darajani kama robo saa. Wafanyakazi wa ofisini walipita na miavuli ya plastiki inayoonyesha, ile ya dukani, migongo imeinama kwa pembe ileile. Mwanafunzi mmoja aliweka begi kichwani akakimbia. Chini ikapita boti ya mizigo. Kitu cha Hiroshige ambacho hakikubomolewa wala kujengewa barabara juu yake ni hiki: hali ya hewa, na watu wa mjini wanavyokunja shingo inapowakuta. Nilikuja nikidhani nitatafuta maeneo. Tangu siku ile nikaacha kutafuta majengo.

Jioni tuliingia makumbusho ya Hokusai kule Sumida, jengo la rangi ya fedha lililofunguliwa 2016 katika mtaa alikozaliwa mzee huyo mwaka 1760. Inasemwa alihama nyumba mara 93. Kuna sanamu yake akichora amepiga magoti chini ya shuka nzito, karatasi zimetapakaa, na binti yake Oi, mchoraji naye, amekaa kando anamtazama. Sanamu inasogeza mkono. Watoto wakacheka, mpwa wangu akaruka.

Ijumaa, Horikiri

Bustani ya maua ya airisi, ileile aliyoichora Hiroshige. Juni ndio wakati wake. Zambarau, nyeupe, buluu iliyopauka, na wastaafu wenye kamera kubwa kuliko vifua vyao. Kwenye picha, ua limesogezwa mbele hadi linakaribia kuwa kubwa kuliko watu wanaotembea bustanini, na ujanja huo wa kuweka kitu kikubwa karibu na dunia ndogo nyuma yake ndio uliowapumbaza Wazungu. Ukichuchumaa unaupata kwa simu. Miguu inauma.

Jumamosi, Kanbara, Yui na mlima Satta

Treni ya asubuhi kuelekea Shizuoka, kisha ile ya pole pole inayosimama kila kituo kando ya ghuba ya Suruga.

Kanbara tuliteremka kwa ajili ya theluji. Karatasi ya Kanbara ni miongoni mwa zinazopendwa zaidi katika Tokaido yote: usiku, paa zimezama, watu watatu wanapita kwa shida, karibu yote nyeusi na kijivu. Sasa fikiria pwani yenye joto, michungwa mlimani, na wenyeji wanaokwambia kwamba theluji ya kulala chini hapa ni habari ya kusimulia. Mji umeweka jiwe la kumbukumbu la theluji hiyo. Nilicheka, halafu nikawaelewa. Kituo cha 15 kilihitaji kitu cha kukitofautisha na cha 14 na cha 16, na Hiroshige alikipa usiku ambao kila mkazi wa Edo aliujua kutoka mtaani kwake mwenyewe.

Yui ni mji mwembamba uliobanwa kati ya mlima na bahari. Wanavua uduvi wa rangi ya waridi, na katika Japani uvuvi huo uko kwenye ghuba hii tu, majira ya kuchipua na ya vuli. Tulikula bandarini, uduvi uliokaangwa kwa unga mwepesi hadi ukawa kama kichaka cha waridi, juu ya wali. Nilirudia sahani. Makumbusho ya Hiroshige yako mahali palipokuwa nyumba ya wageni ya mabwana wakubwa. Ni madogo na yamepangwa kwa akili: kuna mahali unapiga mihuri ya rangi moja moja hadi picha ikamilike, na watoto walitutangulia kwenye foleni.

Kisha tukapanda Satta. Njia ni nyembamba, inapita kwenye mashamba ya michungwa na ya biwa, tunda la manjano linaloiva wakati huu, kila moja likiwa limevikwa mfuko wa karatasi mtini. Kwenye vibanda visivyo na mtu kuna matunda na kikopo cha kutia sarafu. Mpwa wangu alinunua, tukala tukitema kokwa kubwa.

Karatasi ya Yui ina mwamba unaoning'inia juu ya bahari upande wa kushoto, na wasafiri wawili wanachungulia huku wakishikilia nafsi zao. Mbele yao ni ghuba yenye matanga na Fuji nyeupe. Wapenzi wa Hiroshige husema hapa ndipo pekee penye sura ileile hadi leo. Sura ipo, ila chini ya mwamba sasa zimepangwa reli ya Tokaido, barabara kuu namba moja, na barabara ya kasi ya Tomei iliyojitokeza hadi juu ya maji. Tetemeko la 1854 liliinua ufukwe hapa, na pale palipokuwa mawimbi pakapatikana ukanda wa nchi kavu wa kupitisha vyote hivyo. Ardhi ilitoa nafasi, watu wakaijaza.

Na Fuji? Mawingu. Mzee mmoja mwenye kamera ya miguu mitatu alituambia yuko pale tangu saa kumi alfajiri, na kwamba Juni ni mwezi wa kuja kuona malori. Malori tuliyaona. Tukakaa naye, akatugawia mkate. Alisema mara mbili kwamba wakati wa baridi tungeuona mlima mzima. Mpwa wangu akampigia hesabu ya nauli ya kurudi Januari.

Jumapili, Mariko

Kiazi kikuu kinachokunwa hadi kiwe uteute mzito, kikachanganywa na mchuzi wa miso, soya iliyochachushwa, kikamwagwa juu ya wali wa shayiri. Nyumba ya Chojiya inauza chakula hicho tangu 1596, chini ya paa la nyasi, na karatasi ya Mariko inaonyesha banda la chakula hichohicho: wateja wawili wanabugia, mama mwenye mtoto mgongoni anahudumu, mti wa mplamu unaanza kuchanua. Ukumbini wametundika picha za Tokaido kuzunguka kuta, unakula chini ya vituo vyote. Uteute unateleza kabla hujatafuna. Mpwa hakumaliza lake, nikalimaliza mimi.

Jumatatu, Kyoto

Daraja la Sanjo, mwisho wa njia. Mto Kamo haukuwa na maji mengi, korongo weupe wamesimama majini, wanafunzi wamekaa ukingoni wawili wawili, kila jozi na umbali wake. Kwenye karatasi ya 55 daraja limesimama juu ya nguzo za mbao. Lakini nguzo za Sanjo zilikuwa za mawe tangu 1590.

"Basi hakufika huku, mjomba?"

Hadithi ya zamani inasema alifuatana na msafara wa serikali uliompelekea mfalme farasi mwaka 1832. Wataalamu wengi siku hizi wanaitilia shaka, kwa sababu karatasi kadhaa zimefuata michoro ya vitabu vya waongoza wasafiri vilivyokuwepo kabla yake. Mimi naona alifika sehemu na hakufika sehemu, na mwenye duka hakumuuliza. Nikamwambia mpwa kwamba mteja wa Edo naye hakufika Kyoto, ndiyo maana alinunua.

Alasiri tulizunguka maduka ya karatasi za kale na za kuchapwa upya. Nilitaka ile ya Shono, kituo cha 45: mvua ya ghafla, wabeba machela wanapanda mteremko kwa mbio, mianzi nyuma yao inayumba kwa vivuli vya kijivu. Katika chapa za mwanzo mwavuli mmoja umeandikwa jina la mwenye duka, Takenouchi, na neno la vituo 53. Tangazo la biashara katikati ya dhoruba. Muuzaji aliweka mbili mezani, zote za kisasa, bei mbalimbali kabisa, na kwa mbele sikuona tofauti. Akaniambia nizigeuze. Ya kwanza rangi zilikuwa zimepenya hadi mgongoni, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mizunguko ya baren ilipopita. Ya pili mgongo wake ulikuwa mweupe tupu, imetoka mashineni. Mpwa wangu akaanza kupatana bei kwa ajili ya ile ya kwanza, kwa Kijapani cha heshima zote, na alipata punguzo dogo na bahasha ngumu ya kuibebea.